Pua Yangu na Damu ya Sungura

Septemba 7, 1957
Umande mzito, jua la uongo. Marehemu mume wangu Alphée alikuwa akiandika hali ya hewa kila siku ya mavuno, mpaka kiazi cha mwisho kitoke ardhini. Tangu afe naandika mimi. Shule sikuikanyaga. Herufi alinifundisha yeye mezani, mimi nikimenya vitunguu na kumtukana, ndiyo maana mwandiko wangu unatembea kama bata. Anayecheka na acheke.

Laurette, kitinda mimba wangu, amejifungua kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike. Nimewahi kuoka mkate mkubwa kuliko yeye. Wamemwita Odile, wamemlaza kwenye sanduku la joto katika chumba cha watoto, kule hospitalini kwa masista. Mama yake yuko ghorofa ya juu, kapoteza damu nyingi, hata kukaa hawezi. Mkwe wangu Onésime analima, anakuja jioni na tope mpaka magotini, anasimama kwenye dirisha la kioo la chumba hicho, analia kama mtu anayepiga chafya. Nimemwambia arudi kwenye viazi vyake, machozi hayapandishi mtoto uzito.

Septemba 9
Baridi kidogo. Mama Mkuu wa masista ameniita. Hospitali haina watu, kila mwenye mikono miwili yuko shambani, shule zenyewe zimefungwa ili watoto waokote viazi. Akaniuliza kama ningeweza kukunja nepi na kusaidia kunyonyesha watoto kwa chupa mpaka mavuno yaishe. Nikamjibu kwamba nimezaa kumi na watatu, nimezika wanne, na najua mtoto anavujia upande gani. Masista wawili waliokuwa nyuma yake walitazama sakafu. Mama Mkuu hakucheka, lakini shavu lake lilicheza.

Mimi ningeingia mle hata kama mshahara wangu ungekuwa matusi. Odile yumo.

Septemba 10
Watoto tisa, pamoja na wangu. Wangu siruhusiwi kumtoa kwenye sanduku. Naingiza mkono kwenye kitundu, anakishika kidole changu kimoja kwa mkono mzima. Wale wengine nawapakata, nawalisha, nawabusu utosini. Mtoto asiyebusiwa hukauka. Hilo halihitaji daktari.

Nafanya kazi na msichana wa akina Thériault, Géraldine, miaka kumi na saba, mdomo kama cherehani. Anaimba nyimbo za redio huku akibadilisha nepi. Nimemwambia mtoto wa Mungu haoshwi kwa nyimbo za baa. Akaniambia, "Bibi Exélie, na wewe unawabusu kama unaonja supu." Sina hakika kama nampenda.

Septemba 12
Mvua. Viazi vimelala. Odile ameongezeka uzito wa yai.

Septemba 14
Mtoto wa akina Michaud ana kipele cha usaha kitovuni. Kidogo, kama kichwa cha pini. Nilimwonyesha Géraldine, akaacha kuimba. Tukamwita sista wa zamu, akakipaka dawa ya zambarau.

Nimeona vipele maishani mwangu. Hiki sikukipenda. Kilikuwa na rangi ya siagi ya Juni.

Septemba 16
Ukungu mchana kutwa. Watoto watatu sasa. Mmoja kwapani, mmoja shingoni, na yule wa Michaud kitovu chote kimewaka. Naosha mikono mpaka ngozi inapasuka. Kila nikipita kwenye sanduku la Odile nasimama, nahesabu pumzi zake, napoteza hesabu, naanza upya.

Septemba 17
Daktari Nadeau amekuja, uso kama karatasi. Anaogopa ni yule mdudu wa minyororo, aliyekuwa akiua kina mama waliojifungua zamani zile. Nilimjua huyo. Alimchukua dada yangu mkubwa siku chache baada ya kujifungua, na godoro tulilichoma. Daktari akachukua usaha kwa vijiti vya pamba, akaniagiza nivipeleke maabara.

Maabara iko chini, karibu na jikoni, chumba kimoja chenye dirisha moja. Anakaa humo Sista Clothilde, mfupi, mwenye miwani minene, mikono yake ina madoa ya rangi kama mtu anayepaka mayai ya Pasaka. Amesomea kazi hiyo Quebec. Nilidhani angenifukuza. Alinipa kigoda.

Usaha anaupaka kwenye visahani vyenye damu ya kondoo, anavifungia kwenye kabati la joto. Mdudu, alivyoniambia, ni kama kiazi cha mbegu: mpe chakula na joto, kesho ataonekana. Akaniambia nirudi kesho kama nataka kujua. Kama nataka. Sista huyu hajawahi kuwa bibi.

Septemba 18
Mvua ya kichaa. Nimerudi kwake asubuhi kabla hata sijavua koti. Kwenye vile visahani vimeota vidonge vidogo vya dhahabu, vizuri, vinang'aa. Niliona aibu kuviona vizuri. Kavipaka rangi chini ya hadubini, vikaishika ile zambarau na havikuiachia hata alipovisafisha. Wale wanaoiachia, kasema, ni ukoo mwingine kabisa.

Kisha akachota kidonge kimoja kwa kijiti, taratibu, kwa ncha, asiguse ile damu ya chini. Nikamuuliza mbona anakwangua kama mwizi. Akasema damu yenyewe hutoa povu, ikiingia itatudanganya. Akakiweka kwenye kioo, akakidondoshea dawa ile tunayooshea vidonda.

Kikachemka povu.

"Si minyororo," akasema. "Minyororo haitoi povu. Hawa ni wale wanaojikusanya kama zabibu."

Nikashusha pumzi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Alinitazama juu ya miwani. Akasema nisishukuru mapema, zabibu ziko za aina mbili. Kuna wanaokaa kwenye ngozi ya kila mtu, wapole. Na kuna mmoja si mpole. Kuwatenganisha, anatumia maji ya damu ya sungura. Unawatia kwenye kichupa pamoja na maji yale, unaweka kwenye joto. Wapole huyaacha maji kuwa maji. Yule mwingine huyagandisha.

Septemba 19
Yameganda. Aliinamisha kichupa mbele yangu, na yale maji hayakusogea, yamekaa kama jeli ya miguu ya nguruwe. Na penisilini, ambayo daktari amewachoma watoto siku zote hizi, haimfanyi kitu huyu mdudu. Ameonyesha kisahani: kidonge cha penisilini kimekaa katikati, na wadudu wameota mpaka ukingoni mwake kama nyasi kwenye jiwe.

Sijala.

Septemba 21
Mtoto wa akina Michaud amefariki leo adhuhuri. Alikuwa mikononi mwangu.

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine. Jina lake Rosaire. Jana mdudu aliteremka mapafuni, leo asubuhi midomo ilikuwa ya bluu. Mama yake ana miaka ishirini, ni uzazi wake wa kwanza, alikaa kwenye kiti cha magurudumu upande wa pili wa kioo, maana wazazi hawaruhusiwi kuingia. Mimi nilikuwa ndani. Nilimwinua mtoto ili amwone. Nilimbusu kwa niaba yake, kwa sababu aliniomba kwa ishara, aliweka vidole mdomoni kisha akanyoosha kuelekea kwetu. Nikambusu mara nyingi. Akafa kama taa inayoishiwa mafuta, bila fujo.

Mume wake alitoka shambani na kikapu cha viazi bado mkononi. Hakujua amekishika. Alikaa nacho mapajani hata padri alipokuja.

Kabla ya kutoka nilipita kwenye sanduku la Odile. Amelala. Ngozi safi. Kwa kitundu kilekile nilimvua nguo zote nikamtazama kila kona, kwapa, mapaja, nyuma ya masikio. Sista akanionya kwamba joto linatoka. Safi. Lakini Rosaire naye alikuwa safi wiki iliyopita.

Mdudu anatembea mle chumbani kwa miguu ya nani?

Septemba 23
Upepo wa kaskazini. Sista Clothilde amewaambia wote: huyu hukaa puani mwa mtu mzima, hamuumi, wala hajui kama anaye. Anamlisha na kumbeba kama mpangaji asiyelipa. Kwa hiyo leo pua zote zimeingizwa kijiti: masista, daktari, mpishi, mimi, Géraldine. Géraldine aliruka kama ndama. Mimi sikutikisika, lakini machozi yalinitoka, kijiti kinafika mpaka kwenye mawazo.

Akaanza na sisi wa chumba cha watoto na jikoni. Masista wenzake aliwaweka mwisho.

Usiku wa kuamkia leo sikulala. Nilikuwa nawapitia mmoja mmoja kichwani. Yule sista mwenye mafua. Mpishi. Géraldine anayepumua mdomo wazi kwa kuimba. Nilimtafuta mtu wa kumchukia.

Septemba 25
Majibu. Géraldine, maji yameganda. Mimi, povu lipo, lakini maji ni maji. Mpishi hivyohivyo. Sista Clothilde alivisoma asubuhi baada ya misa, akapanda kutuambia. Mimi nina wale wapole. Naruhusiwa kubaki.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Géraldine alikuwa anavua aproni, mikono haipati fundo. Akaniomba nimfungulie. Sikumfungulia. Nilimwambia hivi, nayaandika yote:

"Nenda kaimbe kwenye viazi. Viazi havina mapafu."

Alinitazama.  Alikivuta kile kifundo mpaka kikakatika, akaiweka aproni kwenye kapu la nguo chafu, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Septemba 27
Jua. Odile ametolewa kwenye sanduku. Nimempakata kwa mara ya kwanza, kifuani kwangu, ndani ya sweta. Ana harufu ya mkate ambao haujaiva. Nilimbusu mpaka sista akakohoa.

Septemba 28
Hakuna kipele kipya. Onésime amemaliza shamba la juu. Tumekula chapati zetu za unga mweusi na shira ya utomvu wa mti, na kwa mara ya kwanza nilisikia ladha.

Septemba 30
Baridi iliyochoma majani. Nimemkuta mtoto mpya, wa juzi tu, ana alama ya siagi kwenye paja.

Huyu Géraldine hajawahi kumgusa.

Oktoba 1
Wa pili.

Nilishuka maabara, nikamfokea Sista Clothilde. Nilimwambia vichupa vyake ni upuuzi na sungura wake ni mwongo, na kwamba kama angekuwa mwanangu ningempa kofi. Hakukasirika. Alikuwa amekaa na kichwa mikononi. Akasema amerudia wale wa Géraldine kwenye kisahani cha dawa, na penisilini imewaua wote. Wanaganda, ndiyo, lakini si mdudu huyuhuyu. Ni binamu yake. Yule msichana hakumletea mtu kitu.

Kwa hiyo nilimfukuza bure. Na mwenye mdudu bado yuko nasi.

Tangu hapo kila mtu anamtazama mwenzake puani. Mpishi amefunga kitambaa usoni, anaonja mchuzi kwa shida. Masista wanapishana korido bila kusalimiana. Mimi namwangalia yule sista mwenye mafua jinsi paka anavyoangalia shimo.

Oktoba 3
Odile.

Shingoni, chini ya sikio la kushoto. Kichwa cha pini. Siagi ya Juni.

Oktoba 4
Sijui kama mvua inanyesha.

Homa imepanda. Anakataa chupa. Nimemshika tangu alfajiri, Daktari Nadeau amempigia simu mtu huko Quebec aulize dawa mpya, na ikipatikana itakuja kwa treni. Laurette alishuka ngazi mwenyewe, miguu mitupu, amejishikilia ukutani, akaja kusimama kwenye kioo palepale aliposimama mama yake Rosaire. Nikamgeuzia mgongo. Sikuweza kumwinua Odile amwone. Nilidhani nikimwinua tu, itakuwa kama ile siku.

Kabla ya chakula cha mchana Sista Clothilde alikuja mlangoni. Aliniita nje. Nikamwambia kama hana dawa mkononi aondoke. Akasema, "Mama Exélie, nakuomba. Mlaze mtoto. Njoo." Sauti yake ilikuwa ndogo hata nikaogopa, nikamlaza, nikatoka.

Alinipeleka mpaka chini. Akafunga mlango. Kisha akanieleza, amesimama, kama mtoto aliyevunja sahani.

Hapa kwa masista, baada ya sala ya mwisho ya jioni ni Kimya Kikuu. Hakuna anayezungumza, hakuna anayetoka chumbani kwake mpaka kengele ya asubuhi, isipokuwa wa zamu ya wagonjwa. Nimelijua hilo miaka yote, kijiji kizima tunalijua, tunaliheshimu, hata mbwa wanaonekana kubweka chini chini. Sasa siku iliyofuata ile ya pua, kazi ilimwelemea, watu wake wote wako mavunoni. Kichupa cha Géraldine alikiweka kwenye joto mchana, akakisoma jioni. Changu na cha mpishi alivimaliza jioni kabisa, kengele ya sala ikalia; vya masista na daktari aliviweka kesho yake asubuhi. Sheria ya kazi yake inasema kichupa kitazamwe masaa machache baada ya kukiweka, kisha tena kesho. Sheria ya nyumba yake inasema usitoke. Alilala kitandani macho wazi, akijua vichupa vinamngoja. Kumgongea Mama Mkuu akaombe ruhusa ya kwenda kutazama maji ya sungura aliona haya. Akajiambia, kitakachoganda kitabaki kimeganda asubuhi.

"Lakini wako baadhi," akasema, "wanagandisha, halafu wao wenyewe wanayeyusha. Nilifundishwa hilo. Nililiandika kwenye mtihani. Asubuhi unakuta maji, unasema ni mpole."

Nikamuuliza anataka nini kwangu.

Alitaka pua yangu tena.

Aliniingiza kijiti tena, akamwita na mpishi. Akaniambia kesho vidonge vikishaota ataviweka kwenye maji asubuhi mapema, avitazame mchana, mbele yetu. Mpaka hapo hakuna hata mmoja wetu wa kuingia kwa watoto.

Nilipanda ngazi kwenda kuchukua sweta langu. Sista mwingine alikuwa amempakata Odile. Mtoto alikuwa analia, kilio chembamba, kama mlango mbali. Niliweka mkono kwenye kitasa, nikauondoa.

Oktoba 5
Naandika polepole nisikosee.

Tulikaa maabara mimi na mpishi, kwenye benchi, kama tunangoja kuungama. Vichupa vilikuwa kwenye maji ya uvuguvugu. Sista hakugusa kazi nyingine. Hakwenda kula. Kila baada ya muda anakiinua kila kimoja, anakiinamisha kidogo kwenye mwanga wa dirisha, anarudisha. Wa mpishi, maji. Wangu, maji. Mpishi akaanza kunong'ona rozari yake. Mimi sikuomba. Nilikuwa nimeyakazia macho maji yale, nayaambia, mkae hivyohivyo, washenzi nyie, mkae hivyohivyo.

Karibu na kengele ya adhuhuri akakiinua changu, akakiinamisha.

Hayakusogea.

Akakiinamisha zaidi, mpaka karibu kulala. Yamekaa. Mpishi aliangalia, akasogea kwenye benchi, mbali nami. Simlaumu.

"Kirudishe," nikamwambia Sista. "Labda hukutazama vizuri."

Akakirudisha. Nilikaa. Mpishi alipewa ruhusa akaondoka. Mchana ukapita, kuni zikaungua, Sista akaniletea bakuli la mchuzi wa kuku na viazi, ukapoa. Kabla ya sala ya jioni alikitoa tena, akanipa mkononi mwangu mwenyewe. Nikakiinamisha. Maji. Yanateremka kwenye kioo kama machozi ya mtu mnafiki, kana kwamba hayajawahi kufanya kitu.

Na penisilini haiwaui wangu. Nyasi mpaka kwenye jiwe.

Kwa hiyo ni mimi. Rosaire alikuwa akinywa pumzi yangu kila siku. Kwa niaba ya mama yake nilimbusu. Odile nilimtia ndani ya sweta.

Sista Clothilde alipiga magoti pale sakafuni, mbele yangu, mtu wa Mungu na miwani yake, akasema kosa ni lake, kwamba kichupa kingesomwa jioni ile Odile asingeumwa. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga kwa kigoda. Halafu nikaona mikono yake ile yenye madoa imepasuka ngozi kwa kuoshwa kama yangu, nikamwambia anyanyuke, sakafu ya baridi itamharibu magoti na mimi sitaki tena mgonjwa mwingine. Tukakaa. Kengele ya sala ikalia, hakwenda. Sala yake ya kwanza kukosa tangu aweke nadhiri, nadhani.

Oktoba 6
Jumapili. Sikwenda kanisani, kuna watoto.

Laurette ameambiwa. Nilisimama chini uani, yeye dirishani ghorofa ya juu. Hakufungua dirisha. Hakulifunga pazia pia. Sijui maana yake.

Kwangu siwezi kukaa. Odile akipona atarudi nyumba hiyohiyo, tunakoishi wote, na nguo zangu, mito yangu, kila kitu lazima kichemshwe. Akipona. Nimeandika neno hilo na mkono ukasimama.

Oktoba 7
Baridi kali, ardhi ngumu juu, laini chini. Nimekwenda kwa akina Thériault. Nilimkuta Géraldine kwenye mstari, ameinama, kikapu katikati ya miguu. Nilisimama mbali naye. Nilimwambia yote, bila kupunguza: mdudu ni wangu, wa kwake hakumdhuru mtu, na yale maneno niliyomwambia nayarudisha mdomoni mwangu na yananiunguza.

Aliendelea kuokota. Akajaza kikapu, akakimwaga kwenye pipa, akarudi.

"Bibi Exélie," akasema, "viazi havina mapafu. Chukua kikapu."

Nikachukua. Mgongo wangu una miaka sabini na moja. Niliokota mpaka giza. Mama yake alinitengea kitanda cha darini, nyumba yao haina mtoto mdogo. Hakuna aliyenisemesha mezani, lakini sahani yangu ilijazwa mara mbili.

Oktoba 8
Dawa imefika kwa treni. Sista Clothilde aliijaribu kwanza kwenye kisahani juu ya wadudu wa Odile: kuizunguka dawa pakabaki duara jeupe, tupu, hakijaota kitu. Alimtuma mtu aje aniambie duara lina upana gani. Nilimfanya anionyeshe kwa vidole mara tatu.

Oktoba 9
Homa ipo.

Oktoba 10
Homa ipo. Upepo. Nimeokota.

Oktoba 11
Yule wa paja anapona. Odile bado. Uvimbe wa shingo daktari ameupasua. Géraldine alinikuta nyuma ya ghala nikitapika. Alinishika kichwa kama mtu anavyoshika mlevi. Nilimwambia asinisogelee. Akasema, "Mimi nina wa kwangu tayari, watapigana wenyewe kwa wenyewe." Nilicheka, halafu kicheko kikageuka, akanishika mpaka kilipoisha.

Oktoba 13
Amekunywa chupa nzima.

Oktoba 14
Mbili.

Oktoba 17
Sista Clothilde amekuja shambani, sketi ameishika juu ya tope, kanipa dawa ya kupaka puani asubuhi na jioni. Inanukisha kila kitu harufu ya mafuta ya mkokoteni. Akaniambia amemgongea Mama Mkuu. Sasa anaruhusiwa kutoka wakati wa Kimya kwenda kutazama vichupa, mradi asiseme na mtu. Nikamuuliza Mama Mkuu alisema nini. Alisema, mbona hukuniomba siku ile.



Oktoba 21
Kiazi cha mwisho kimetoka. Kwa mazoea kalamu yangu ingekoma hapa. Odile amerudi nyumbani jana, amefungwa kwenye blanketi mbili. Nilimsikia tu, gari la Onésime likipita barabarani.

Pua yangu bado inagandisha.

Oktoba 25
Bado. Sista anasema kuna watu wanaoachwa na mdudu huyu kwa wiki, na kuna ambao huzeeka naye. Nimemwambia mimi nimeshazeeka, ajibu vizuri. Akasema hajui. Namwamini zaidi sasa, kwa kuwa anasema hajui.

Nitakaa hapa darini msimu wa baridi. Géraldine anarudi hospitalini Jumatatu. Nimemshonea kamba mpya kwenye aproni, yenye fundo la kuvuta mara moja.

Naamka kabla ya jogoo, moyo unadunda, najigusa pua. Imekaa tu usoni, haina maumivu wala joto. Ni pua.

Oktoba 27
Theluji ya kwanza, nyembamba.

Baada ya misa Laurette amekuja kwa miguu mpaka kwenye uzio, na Odile mikononi. Ndiyo mara ya kwanza kuja. Nilitoka mlangoni nikasimama. Nilimpigia kelele asisogee, akanipigia kelele kwamba hana mpango wa kusogea. Tukabaki hivyo, katikati yetu uwanja mzima wa mashina ya viazi.

Akaniuliza kama nakula. Nikamwambia wananishindilia kama bata wa Krismasi. Akamfunua mtoto uso kidogo. Amenona. Ana kovu chini ya sikio, nyekundu, kama mshono wa mtu mwenye haraka.

Nililowesha kidole nikakiinua. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini, kutoka kwao kuja kwangu. Nikahakikisha tena. Kutoka kwao kuja kwangu. Nikasogea hatua moja, nyingine, mpaka kwenye ukingo wa theluji, nikasimama nimeufunga mdomo.

Nikavuta pumzi kwa pua yangu, mpaka mwisho. Moshi, theluji, sufu iliyolowa, na chini yake kabisa, maziwa.